Gia ya Pili Hadi Karurumo

Mmeniuliza nyote, mmoja baada ya mwingine. Mmeniuliza nje ya kanisa, mmeniuliza dukani kwangu Kinoru katikati ya magunia ya chakula cha kuku, na mmoja wenu, simtaji, aliniuliza mazishini wakati sanduku bado halijashushwa. Maswali yenu ni mawili: hiyo pikapu mpya ya gia inaendeshekaje, na nilimtoaje Baba nyumbani. Nimekuwa nikijibu kila swali kivyake, maneno matatu matatu, kwa sababu wateja walikuwa wakisubiri. Kusema kweli jibu ni moja na ni refu, kwa hivyo nimeketi kuliandika. Lisomeni mkiwa na chai.

Habari za kulinunua gari lenyewe nitaziruka, hazina utamu wowote. Semeni tu mlivyosema wakati ule, kwamba siku hizi mtu mwenye akili hununua gari linalojibadilishia gia lenyewe. Mimi nilitaka la kukanyaga klachi. Nililelewa na dereva wa lori, na gari lisilo na gia za kubadilisha hunifanya nijihisi abiria hata nikiwa nimeshika usukani.

Wengi wenu mnamjua Baba, mzee M'Ikiara. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliendesha lori la kubeba kahawa, yeye na mwenzake, mzee Njeru wa Karurumo. Walipokezana. Mmoja akiendesha, mwingine alikaa kiti cha kushoto akimenya ndizi na kumkosoa. Mmoja alikuwa Mmeru na mwingine Muembu, na Kiswahili cha barabarani kikawa lugha yao wawili. Hawakuwahi kuitana majina. Kila mmoja alimwita mwenziwe Dere.

Mwaka jana Baba alipatwa na kiharusi. Ulimi ulirudi, akili haikwenda popote, lakini mkono wa kushoto ulilala na mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta. Fikirini kidogo. Mkono wa kushoto ni wa gia na mguu wa kushoto ni wa klachi. Ugonjwa ulimwachia upande wa mafuta na breki, ukaondoka na upande wa udereva.

Njeru, ambaye macho yake yalikufa zamani kwa presha ya macho, alisikia uvumi akapiga simu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Baba akamjibu kwa sauti nzito, "Nani amekudanganya nimeanguka? Nilikuwa na homa tu. Nikimaliza hii homa nakuja huko, na nitakuja nikiendesha mwenyewe." Njeru akacheka upande wa pili. "Haya, Dere. Nitakusikia ukitoka kwa mto."

Tangu siku hiyo Baba hakutoka nje ya boma, na simu ya Njeru ikilia alimpa Mama aipokee. Mpira wa mazoezi aliopewa hospitalini aliwaachia kuku waudonoe. Mwezi uliopita Njeru alimwambia Mama kwamba figo sasa zinamsumbua, na kwamba Dere aje hata kama ni kwa kubebwa. Mama alipomfikishia ujumbe, Baba alisema hawezi kwenda. Alisema aliahidi kuendesha, na mtu mzima haendi kwa rafiki yake akiwa mzigo. Aligeuka akautazama ukuta, na mimi nikarudi Kinoru nikilia njia nzima. Sikutaka Njeru afe kabla hawajakutana.

Kangeta: uji kwenye gia

Mnajua kwetu gari jipya halianzi kazi kabla halijapelekwa nyumbani kuombewa. Kwa hivyo Jumamosi asubuhi nilifika Kangeta, viti bado vimevikwa nailoni, na Mama akatoka na kikombe cha uji wa wimbi wa kunikaribisha. Aliuliza nguvu ya gari iko wapi. Nikamwonyesha injini. Akaitazama, akasema hapana, kwa miaka yote aliyoolewa ameambiwa nguvu ya gari iko kwenye gia. Akapanda, akashika kirungu cha gia kwa mkono mmoja, kikombe mkononi mwa pili, akafumba macho.

Mama akiomba huomba. Aliombea magurudumu, akaombea madaraja, akawaombea wenye trela wapate usingizi wa kutosha kwao nyumbani badala ya barabarani. Kikombe kikawa kinainama kidogo kidogo kadiri Roho alivyozidi kumshukia, na alipofika Amina uji wote ulikuwa umeingia kwenye ile ngozi inayofunika shina la gia. Tulifuta kwa kanga, kisha kwa karatasi, kisha tukakata tamaa.

"Imekunywa," Mama akasema. "Sasa haitakuwa na njaa njiani."

Baba alikuwa kwenye benchi lake, mgongo ukutani, akijifanya haoni. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba gia ya pili ilikuwa ikikataa tangu siku ya kwanza, na sasa kwa uji huu itagoma kabisa.

"Uji hauna makosa," akasema bila kugeuza kichwa. "Washa niisikie."

Nikawasha. Akainamisha kichwa. Nikaingiza ya kwanza, nikatoa, nikaingiza ya pili, ikakwaruza. Akasikiliza kama daktari. "Siwezi kuisikia vizuri ikiwa imesimama," akasema hatimaye. "Nitaenda nayo mpaka Kinoru tu. Nikwambie shida yake, halafu unirudishe."

Niliacha injini ikinguruma. Mama naye alikimbilia koti na kofia kabla mumewe hajabadili nia. Wakati tunampandisha nikaona amebana kwapani kifurushi cha miraa, imefungwa vizuri kwa majani ya migomba, ya kuchumwa alfajiri hiyo. Daktari alimkataza miraa tangu augue, na yeye ni mtu wa kutii daktari. Nilikitazama kile kifurushi, nikamtazama yeye.

"Ni ya kutafuna njiani," akasema.

Kangeta hadi Kinoru: mpaka hapo tu

Sasa swali lenu la kwanza. Klachi ya hii pikapu ni nyepesi kuliko nilivyozoea, na inashika juu, karibu na mwisho, hivyo wiki ya kwanza nilikuwa narukaruka kama mwanafunzi. Gia ya kwanza inaingia kwa kugonga kidogo, unaisikia kiganjani. Ya pili ndiyo yenye kiburi, hasa asubuhi. Unaisukuma chini, inafika katikati, inasimama, unaona haya, halafu inakubali. Ya tatu na ya nne hazina neno, mwendo wa kwenda ni mfupi, kidole kinatosha. Ya tano na ya sita ni laini kama kisu kwenye parachichi. Mambo ya gia ya sita Baba hakuwahi kuyaona, na nilipoiingiza aliuliza hiyo nyingine ni ya nini.

Lakini kabla ya sita kulikuwa na soko. Jumamosi Kangeta haipitiki, na tulikwama katikati ya wanunuzi wa miraa na magari yao yaliyosimama popote. Watu walimtambua Baba, wakaja dirishani kumsalimu kwa furaha, maana wengine walidhani hayupo tena. Mmoja, ambaye walikuwa wakitaniana enzi hizo, akapiga mlango kofi. "M'Ikiara, siku hizi ni wewe unabebwa?"

Hakuwa na ubaya. Baba alitabasamu, akampa mkono wa kulia, kisha akapandisha kioo. Alitazama nje mpaka Kianjai. Nailoni ya kiti ilikuwa ikilia kila akipumua, na mimi nilikuwa nikimlaani yule mtu kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Baada ya Kianjai nikabadilisha kurudi ya pili kwenye kona, ikakwaruza, na Baba akashindwa kuvumilia.

"Unaivuta ya nini?"

"Inakataa, Baba."

"Haikatai. Wewe unaipiga. Ifikishe kwa mlango, ngoja kidogo, itaingia yenyewe. Hizo vyuma ni mpya, hazijazoeana. Na mafuta yake bado ni baridi. Ikitembea itakuwa sawa."

Nikaifikisha mlangoni, nikangoja. Ikaingia. Akaguna, na guno lile nililijua, ni lilelile alilokuwa akitoa nikileta ripoti nzuri ya shule. Mkisikia nasema gari linaendesheka vizuri, jueni nusu yake ni hilo guno.

Kinoru tukasimama mlangoni kwangu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumbembeleza, maneno mengi na mazuri. Sikuyatumia. Alikataa kushuka. "Ikipoa itaanza tena," akasema. "Twende nayo Nkubu, huko kuna milima. Nkubu tu."

Nkubu hadi Igoji: mwalimu wa kuendesha

Nkubu tulipita bila kusimama na hakuna aliyelitaja. Baba alikuwa ameanza kunionyesha barabara yake: hapa waliwahi kulala siku mbili kwa ajili ya matope, pale Njeru alinunua mbuzi akambeba mbele, mbuzi akala risiti za kiwanda. Sikumkatiza hata kidogo.

Kabla ya Igoji tukakuta barabara inatengenezwa. Upande mmoja tu ndio unaopita, na mtu mwenye kibao anawazuia wengine. Tulisimamishwa mlimani, katikati kabisa ya mwinuko, tukangoja muda wa kuweza kupika chakula. Mwanamke mwenye beseni la ndizi mbivu akaja dirishani kwa Baba. Alitazama nailoni, akanitazama nilivyokaza usukani, akatazama jinsi mzee alivyokuwa ananielekeza kwa kidole.

"Mzee, kumbe wewe ni mwalimu wa driving," akasema kwa huruma. "Huyu mama ameanza lini?"

Nimeendesha magari miaka kumi na minane. Nikafungua mdomo. Baba akawahi.

"Ameanza leo," akasema. "Anajaribu, lakini ni mgumu kidogo."

"Mvumilie tu. Hata mimi kujifunza simu kulinisumbua."

Akatuuzia ndizi na kuongeza mbili za kumfariji mwanafunzi. Nilinuna, lakini nilinuna kwa nje tu. Tangu augue, Baba hakuwa amemtania mtu yeyote. Alimenya ndizi yake kwa meno na mkono mmoja, akala akitazama mbele, mabega yakimtikisika.

Ndipo kibao kikageuzwa, magari yakaanza kupanda, na injini ikanizimikia. Nikawasha, nikaachia klachi, ikazima tena. Nyuma yetu honi zikaanza. Nikajaribu mara ya tatu, pikapu ikaondoka ikitetemeka, injini ikalia, nikaitafuta ya pili ikakataa, nikaitafuta kwa nguvu ikakwaruza, na jasho likaniingia machoni.

Sikuona mkono wake ukija. Nilihisi tu kiganja kizito kimefunika changu juu ya kirungu.

"Kanyaga," akasema.

Nikakanyaga. Mkono wake ulisogea kidogo sana, ukasita kitambo ambacho mimi nisingethubutu kusita, kisha gia ikashuka mahali pake bila hata sauti.

"Achia."

Nikaachia. Pikapu ikapanda. Mimi nikatoa mkono wangu chini ya wake polepole, nikaurudisha kwenye usukani, na yeye hakuutoa wake. Tulipofika juu akasema kanyaga, akaingiza ya tatu. Tukatazama mbele, wote wawili.

Ni jambo dogo, mtu angeweza kuliona tangu mwanzo. Dereva huiona gia kushotoni kwake, lakini kwa anayekaa kiti cha abiria iko kuliani, na mkono wa kulia wa Baba ulikuwa mzima siku zote.

Daraja la Nithi: ya pili

Mnalijua lile teremko la Nithi na mnajua watu wanavyonyamaza wakilifikia. Mimi hulishuka nikiwa nimekanyaga breki mwanzo hadi mwisho, na magurudumu hunuka.

"Toa mguu kwa breki," Baba akasema tulipoanza kuinama. "Breki ni ya kusimama. Kushuka ni kazi ya gia."

"Baba, mimi naogopa hapa."

"Najua. Mimi pia nilikuwa naogopa, kila siku."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Utoto wangu wote nilidhani yeye alikuwa akilipita daraja hili akiimba. Akasema kanyaga, nikakanyaga, akashusha hadi ya tatu, kisha ya pili. Injini ikaishika pikapu kwa nguvu, kama mtu anayekushika koti kwa nyuma usianguke, tukashuka hivyo, taratibu, lori moja likitupita na jingine likikaa nyuma yetu kwa adabu. Kiganja chake hakikuondoka kwenye kirungu. Nilihisi kutetemeka kwa gia, na niliona kwamba mkono wake wenyewe hautetemeki hata kidogo.

Tukavuka daraja. Upande wa pili akavua kofia, akaivaa tena, kama alivyokuwa akifanya tangu zamani kwa heshima ya waliokufa pale kwa ajali.

"Chuka kuna chakula," akasema.

Chuka: kurudi nyuma

Hotelini Chuka tulikula mukimo na mchuzi wa nyama, na mwenye hoteli akatupakulia vijiko viwili viwili vya kila kitu. Baba alitafuna polepole akinieleza kwamba gia hizi mpya zimesoma. Lori lao halikuwa limesoma. Kulishusha gia ilibidi ukanyage klachi, utoe gia, uachie, upige mafuta kidogo injini ipande, ukanyage tena, ndipo uingize. Usipofanya hivyo lilikupigia kelele mpaka watu wa Meru wajue umekosea. Kila dereva alipiga yale mafuta kwa namna yake. Njeru alipiga mara mbili, fupi fupi. Yeye alipiga mara moja, ndefu, halafu akangoja.

"Ndio maana alisema atakusikia?" nikauliza.

Akainua macho kutoka kwenye sahani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile simu ya Njeru kutajwa.

"Kula," akasema.

Tulipotaka kutoka tukakuta gari jingine limeegeshwa mbele yetu, ikabidi turudi nyuma. Baba alishika kirungu akakisukuma mahali rivasi ilipokaa kwenye lori lake. Ikaingia ya kwanza. Nikaachia klachi nikaona tunaelekea kugonga, nikakanyaga breki na ndizi zikaruka hadi kwenye kioo. Akajaribu tena, tukasogea mbele tena. Mlinzi wa pale akaja, akaegemea dirisha.

"Nyinyi wawili, nani anaendesha hii gari?"

Tukatazamana.  Nikaanza kucheka, na Baba akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na mlinzi akabaki akitutazama kama watu waliokunywa mchana. Kisha nikamwonyesha Baba ile pete iliyo chini ya kirungu, ambayo huinuliwa kwa vidole viwili ndipo rivasi ikubali. Aliiinua akaishusha, akaiinua akaishusha, mara nyingi.

"Mtu alikaa akafikiria hii," akasema.

Ndipo akaniuliza, akitazama pembeni, "Karurumo ni mbali kiasi gani kutoka hapa?"

Mtu ambaye amepita pale zaidi ya nusu ya maisha yake. Mtu anayejua kila mti. Nilitaka kumkumbatia pale pale, lakini angekasirika, kwa hivyo nikasema si mbali, Baba. Ni hapo tu.

Thuci hadi Karurumo: kama lori

Kutoka Chuka hadi mto Thuci hatukuzungumza ila kwa maneno mawili, kanyaga na achia. Baada ya kilomita chache hata hayo hayakuhitajika. Nilikuwa nikisikia injini imechoka, mguu wangu ukashuka wenyewe, na gia ikawa imekwisha kubadilika. Sijui kuwaeleza hisia hiyo. Nilipokuwa mdogo nilisimama juu ya viatu vyake akanitembeza uani. Ni hiyo.

Lakini kadiri tulivyokaribia, ndivyo hofu ilivyonipanda. Sasa alikuwa amekubali kwenda, na ile ahadi ilikuwa bado pale pale. Njeru aliambiwa Dere atakuja akiendesha mwenyewe. Tungefika, Baba ashuke mlango wa abiria kwa fimbo akiburuta mguu, na mtu wa kwanza kumwambia neno kama lile la soko la Kangeta angemrudisha kwenye ukuta wake. Niliwaza kumpigia Mama simu amtahadharishe Njeru. Sikupiga. Nilikuwa na mguu mmoja kwenye klachi na sikuthubutu kuharibu kitu.

Karurumo tuliiacha lami tukashika barabara ya udongo kuelekea kwa Njeru. Inashuka hadi kijito, ina kidaraja cha mbao, halafu inapanda moja kwa moja hadi kwenye boma. Pale kwenye kidaraja Baba akaniambia nisimame.

Akaweka fimbo yake vizuri, akashika kirungu.

"Hapa tufanye kama lori," akasema.

"Hii haihitaji, Baba. Si umesema imesoma."

"Najua haihitaji. Fanya tu. Nikisema mafuta, piga mara moja, ndefu. Halafu ungoje. Usiwe na haraka."

Nikashika usukani kwa mikono miwili. 

Tukapanda. Tulishika kasi hadi ya tatu pale chini, mpaka injini ikaanza kuzama. "Kanyaga. Achia. Mafuta." Nikapiga mara moja, ndefu, injini ikanguruma bonde zima, nikangoja, nikangoja zaidi ya nilivyotaka kungoja. "Kanyaga." Gia ya pili, ile yenye kiburi, ile iliyokunywa uji, ikaingia kama imekuwa ikisubiri nafasi hiyo tangu ilipoundwa. Karibu na juu tukarudia, kutoka ya pili hadi ya kwanza. Mkono wake na mguu wangu, mafuta mara moja, ndefu. Tukaingia bomani.

Njeru alikuwa barazani mbele ya kiti cha mbao, blanketi limemwanguka miguuni, amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Alikuwa tayari amesimama. Mkewe, Mama Wanja, alikuwa amemshika kiwiko akishangaa, na kabla sijazima injini nikamsikia mzee akimwambia, "Si nilikwambia? Huyo ni Dere. Hiyo gari ni ngeni, lakini huyo ni Dere, na anaendesha mwenyewe."

Nilizima. Nikatoka upesi nizunguke nimsaidie Baba, lakini alikuwa amekwisha kufungua mlango wake. Na Njeru, ambaye haoni, aligeuza uso upande wa sauti ya ule mlango. Uso wake ukabadilika.

"Dere," akasema, "mbona unashukia mlango wangu?"

 Mama Wanja alimwona Baba, akaona fimbo na mguu, akaweka mkono mdomoni. Baba alivuka ua peke yake. Nilimwacha. Ilimchukua muda mrefu sana, na kila mtu alisikia mguu ukiburuzwa kwenye changarawe, na Njeru naye alikuwa akisikiliza, kichwa kimeinama. Baba akafika barazani. Akaweka kile kifurushi cha miraa juu ya kiti, majani ya mgomba bado mabichi, hakijafunguliwa tangu Kangeta.

"Haikuwa homa, Njeru," akasema. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akimwita jina. "Ni ule mkono. Mkono wa gia umelala. Na mguu."

Njeru akanyoosha mikono, akampapasa bega, akashuka nayo hadi kwenye ule mkono wa kushoto ambao Baba hakumruhusu hata Mama kuushika mbele za watu. Akaushika kwa mikono yote miwili.

"Sasa nani alikuwa anabadilisha gia hapo kwa mlima? Usinidanganye. Nimesikia mkono wako."

"Ni wangu. Huu wa kulia. Nilikuwa nimekaa kwa kiti chako."

"Kiti changu."

"Ndiyo."

"Na klachi? Na mafuta?"

"Ni Kathambi. Msichana wangu."

 Njeru aligeuza uso kunitafuta, akanikosa kidogo, akautazama ukuta kando yangu. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza kama ya mtu anayehesabu kitu kichwani, na nilijua anausikiliza tena ule mlima, ya tatu, ya pili, ya kwanza.

"Hapana, Dere," akasema. "Mimi nimesikia dereva mmoja."

 Machozi yalimtoka Baba na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye fimbo na mwingine alikuwa nao Njeru. Mama Wanja akaenda kuleta kinu kidogo cha kumtwangia mumewe miraa, maana hana meno, nami nikamfuata jikoni nikamsaidie kupika chai. Tuliporudi walikuwa wameketi bega kwa bega, Njeru kushoto kwa Baba, na ule mkono ulikuwa bado uko mikononi mwake.